Pindo la Kitambaa cha Kibao

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alifagia chumba na kupangusa cherehani ya marehemu bibi yake. Bibi huyo alikuwa fundi wa nguo. Zamani watu wa mtaa wao waliruhusiwa kuingia hospitalini kwa mlango wa nyuma tu, kando ya jalala. Fundi akasema imetosha, akawaongoza wenzake hadi mlango wa mbele. Walipigwa virungu na askari. Yeye hakuinuka tena.

Leo hospitali ingepewa jina lake. Kidoti alikuwa ameshona mwenyewe kitambaa cha kufunika kibao chenye jina hilo, akajidunga vidole mara nyingi. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvuta kamba kitambaa kianguke, wageni wapige makofi.

Alipofika na mama yake, viti vya wageni vilikuwa vimeziba mlango, na mlinzi alikuwa akiwageuza wagonjwa. "Zungukeni nyuma! Leo mbele ni kwa wakubwa."

Ndipo Kidoti alipoona machela. Juu yake alilala Bi Kigoda, rafiki wa bibi yake, aliyepigwa pamoja naye siku ile. Alikuwa akihema kwa shida.

"Mama, wanampeleka nyuma!"

"Nyamaza, mwanangu," mama alinong'ona. Alikuwa mfagizi wa wodi hapo, na kibarua chake kingeweza kuota nyasi.

"Haya mjukuu wetu, vuta," daktari mkuu alisema kwa tabasamu.

Kidoti alishika kamba. "Samahani, daktari. Sivuti mpaka Bi Kigoda apite hapa."

Daktari aliitazama machela, kisha viti. Uso ukamshuka kwa aibu. "Ondoeni viti," alisema.

Wageni walisimama, wengine wakinung'unika. Machela ilipomfikia Kidoti, Bi Kigoda alifumbua macho, akatazama kitambaa.

"Nani kashona pindo hilo? Limekwenda mrama."

"Mimi, bibi."

"Bibi yako angekufumulisha lote," alisema, akacheka kidogo, akaingizwa ndani. Ndipo Kidoti alipovuta kamba, akakikunja kitambaa na kurudi nacho nyumbani.

Alifariki wiki ile ile. Wakitoka mazikoni, Kidoti alilia njia nzima. "Sasa imesaidia nini, mama?"

"Hukumponya, mwanangu, lakini hakupitishwa jalalani. Mimi niliogopa, nikakunyamazisha, na bibi yako alikuwa mama yangu mzazi! Kuandika jina lake ukutani ni kazi rahisi. Kumheshimu ni kuulinda ule mlango, hata ukiogopa."

Nyumbani, Kidoti alikitoa kile kitambaa, akaketi kwenye cherehani, akaanza kufumua pindo.