Maziwa Nyuma ya Karatasi ya Maua

"Rapport kuhusu Usumbufu wa Utulivu wa Umma Uliosababishwa na Samani ya Sebuleni, Quartier Mapendo, Jiji la Goma." Ndivyo alivyoandika Papa Wenceslas, chef wa avenue, mkuu wa barabara yao, akapiga mstari kwa rula, kisha akagonga muhuri kabla hajajua ataandika nini chini yake. Kwake muhuri ulikuwa kama sala ya kabla ya chakula: unaanza nao, mengine yatajipanga.

Samani yenyewe ilikuwa kabati la vioo la Mama Léoncie, mjane wa watu wa Beni. Vitu vilivyojaa mle ndani, hata robo yake hakuvinunua yeye. Katika mji huu vita huingia bila kupiga hodi, na kila vilipoingia jirani fulani alikimbia na kumwachia kitu. "Mama Léoncie, unichungie hii, niko narudia." Waliorudi walichukua vyao. Wasiorudi, vyao vilibaki: sufuria, redio bubu, kiatu kimoja cha arusi, picha ya komunyo ya mtoto asiyejulikana ni wa nani. Na sheria ya vitu hivyo kila mtu aliijua bila kufundishwa. Kitu cha mkimbizi huwekwa mahali pa kuonekana, ili mwenyewe akitokea mlangoni akione kabla hajakiuliza. Ukikificha, umesema harudi. Umemzika kabla ya kuletewa maiti.

Cha mwisho kuingia kilikuwa icyansi, chombo cha mti cha kukamulia maziwa, cheusi kwa moshi. Kilikuwa cha bibi Nyirarukundo, mfugaji aliyeshuka kutoka Masisi mwaka ule milima ilipomwaga watu barabarani. Alilala kwa Léoncie majuma kadhaa, halafu akarudi juu kutafuta ng'ombe wake.

"Uiweke penye kioo," aliaga. "Mi nitakuwa naiangalia."

Léoncie alidhani ni adabu tu ya watu wa mlimani.

Sasa Jumamosi wangekuja wakwe. Charline, binti yake wa pekee, alikuwa ameposwa na Benny, mwana wa mzee Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyejenga Himbi, mtaa wa matajiri, nyumba inayotazama ziwa. Uchumba wa kwanza wa Charline ulikatwa na vita. Kijana alivuka mpaka na hakuandika tena. Huu wa pili Léoncie alikuwa ameuombea novena tatu, na hakuwa tayari kuupoteza kwa ajili ya sufuria za watu.

"Mama, baone hii bitu yote," Charline alisema, "batasema baliposa ku depo ya misaada."

Akaenda sokoni Ndosho akarudi na rola ya karatasi ya kubandika, yenye maua makubwa mekundu ambayo hakuna mti wowote duniani ungekubali kuyazaa. Wakaosha vioo kwa maji ya sabuni, wakabandika kidogo kidogo, wakisukuma hewa nje kwa mgongo wa kijiko na kukata pembe kwa wembe. Kufika jioni vitu vyote vilikuwa vimepotea nyuma ya bustani.

Ila palibaki uvimbe mmoja wa hewa, mkubwa kama kiganja. Charline akiusukuma kulia, ulihamia kushoto. Akiusukuma chini, ulipanda.

"Hii nayo ina kichwa ngumu kama chef wa avenue," akacheka. Kisha akaugusa, akaacha kucheka. "Mama, iko na moto."

Asubuhi nyumba ilinuka maziwa. Si ya unga: maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi, yenye harufu ya majani na moshi wa zizi. Nyumba ile haikuwa imenunua maziwa tangu Pasaka. Mchana mvua iliponyesha, ukaja mlio. *Chwi. Chwi.* Ulitoka ndani ya kabati, mkavu mwanzoni, kama maziwa yanayopiga mti mtupu, kisha mzito zaidi, wa maziwa yanayoangukia povu. Léoncie akavuta mlango wa kabati. Haukufunguka. Akaingiza ukucha chini ya karatasi, karatasi ile ile ambayo kila mama wa Goma anajua hubanduka yenyewe kabla ya wiki kwisha, na karatasi ikakataa, kana kwamba imeota kwenye kioo.

Jirani ndiye aliyeshitaki. Papa Wenceslas akaja, akasikiliza, akauliza kama kabati lina kibali cha kupiga kelele. Alipojibiwa na *chwi*, alirudi nyuma hatua chache na kutangaza kwamba dosiye inavuka mamlaka yake.

Ijumaa umeme ulikatika saa ya giza kuanza kuingia, na Léoncie, akipapasa kutafuta kiberiti, akamwona binti yake amekaa wima mbele ya dirisha, mikono magotini, amekaa kama wanavyokaa vikongwe na si kama alivyokaa Charline siku yoyote ya maisha yake, akitazama barabara bila kupepesa, na alipomwita hakugeuka, alipomshika bega lilikuwa baridi, na alipoinamia uso wake akaona macho yale yamefunikwa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda juu ya chai, huku nyuma yao, sebuleni, mlio wa kukamua ukienda pamoja na pumzi ya mtoto wake, pumzi na mlio, pumzi na mlio.

Charline akaanza kusema. Kinyarwanda cha Charline huishia kwenye bei ya viazi, lakini hiki kilikuwa kirefu, cha milimani, chenye majina ya ng'ombe. Halafu kikageuka Kiswahili.

"Mulinifungia kioo," ilisema sauti ya Nyirarukundo. "Nimepata kingine."

Papa Ézéchiel wa kikundi cha maombi aliletwa alfajiri, na maji ya baraka kwenye chupa ya Fanta.

"Ni jini," alinong'ona.

"Jini ya wapi?" akanong'ona Wenceslas, aliyekuwa amerudi na kalamu. "Majini ni ya baharini. Siye tuko na ziwa ya gaz tu."

"Chef, ukitaka umuulize kitambulisho, ingia."

Ézéchiel aliomba mpaka sauti ikamkauka. Kabati liliendelea kukamua. Mwisho akaketi chini, akamgeukia Léoncie. "Mama, mulificha kitu ya nani?"

Léoncie akasema yote. Ézéchiel akafunga macho.

"Basi mulimuzika. Pengine alikuwa angali njiani, pengine alikuwa amekufa. Lakini nyinyi ndio mulimuzika. Vunja hiyo vioo. Na ile iko ndani ya chombo, iende kumwagwa ku barabara ya Masisi. Mutu asionje. Mwenye ataonja, huyo ndiye atamupokea."

Léoncie alikuwa bado anatafuta mchi wa kutwangia sombe wakati magari ya Himbi yalipopiga honi. Wakwe walikuwa wamewahi. Hakungoja. Alipiga kioo cha kwanza, cha pili, maua yakaning'inia na vipande vya kioo mgongoni, na katikati ya sufuria na kiatu cha arusi icyansi ilisimama imejaa hadi ukingoni, ikitoa mvuke.

Charline akapepesa macho. "Mama," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "mbona unalia?"

Léoncie alimkumbatia. Ézéchiel alikuwa uani, akitapika kwa uchovu. Kwa hiyo wageni walipoingia, wakakanyaga vioo, wakatazamana, aliyebaki kuokoa heshima ya avenue alikuwa Papa Wenceslas, aliyekuwa nje onyo lile lilipotolewa. Akainua icyansi kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo.

"Karibu, Mzee. Maziwa ya kupokea wakwe. Ni protokole."

"Mama Benny, unaona?" mzee Kambale akamwambia mkewe, amefurahi. "Hawa ni batu ya heshima."

Léoncie alifungua mdomo. Kwenye kifua chake aliusikia moyo wa binti yake ukidunda, na kope zake zikimgusa shingoni, zikifunga na kufungua. Aliufunga mdomo.

Mzee aliteremsha yote kwa pumzi moja, akafuta povu. Mazungumzo yalikwisha kabla ya wali kuiva. Alikubali kila kitu alichoombwa, bila kupepesa. Njiani kurudi alimwomba dereva, kwa Kinyarwanda ambacho hakuwahi kukijua, asifunge dirisha.

Rapport ya Wenceslas inasema wageni walipokelewa vizuri na utulivu ukarejea. Mama Léoncie alijua kilichokuwa ndani ya chombo, akanyamaza. Mzee Kambale alikinywa, na Charline akaolewa katika nyumba yake.