Chaga ya Kitanda cha Mama

Mtaani kwetu alikuwapo mwanamke fundi aliyetengeneza samani za wanasesere: makabati yanayoenea kiganjani, viti vya urefu wa kidole gumba, meza zenye droo za kuvutwa kwa ukucha. Tulimwita Fundi Vidogo. Wenye utani walimwambia siku akiunda mlango wa kweli, watu watapita kwa kutambaa. "Kazi mbaya si mchezo mwema," aliwajibu, "na yangu ni kazi na mchezo vyote pamoja."

Nyumbani alimuuguza mama yake, aliyepooza na kuota vidonda vya kulalia mgongo mzima. Kila asubuhi alimgeuza, akamfuta usaha, huku akipumua kwa mdomo ili asisikie harufu. Alimpenda mama, lakini tumbo lake halikujua mapenzi. Kinyaa kilimkaba mpaka machozi yakamlenga.

Pale pale aliishi Kipusa, binti wa marehemu kaka yake, mtoto aliyekuwa mboni ya jicho lake. Siku moja Kipusa akadai kitanda cha mwanasesere wake. Mbao zilizokuwapo zilikuwa mbichi, na mbao mbichi ukizichonga nyembamba hupasuka. Fundi akakumbuka chaga moja, ubao wa kitanda, iliyolegea chini ya godoro la mama. Mti mzee, mkavu kabisa.

"Chaga moja tu," alijiambia. "Hata hatajua."

Akaichomoa, akaipasua, akaunda kitanda kizuri ajabu. Vumbi la msumeno akalikusanya koponi kama kawaida, maana fundi hatupi vumbi la mbao. Hulichanganya na gundi akazibia nyufa.

Tangu hapo vidonda vya mama vikaanza kukauka. Ngozi mpya ikafunika mifupa. Mama akaanza kuketi, akaomba uji. Fundi Vidogo akalia kwa furaha, akasema Mungu hamtupi mja wake.

Kisha Kipusa akaja na kile kitanda mkononi. "Shangazi, mtoto wangu amekojoa."

Kigodoro kilikuwa kimelowa maji ya njano. Fundi akakinusa. Aliijua harufu ile. Alikuwa ameifuta kila asubuhi.

Akachukua msasa ausugue ubao. Haukutoa unga. Ulitoa utelezi, na nyuzi laini zenye rangi ya nyama. Zilimnasa vidoleni, za uvuguvugu. Akatapika papo hapo, kisha akakitupa kitanda jalalani.

Kipusa akakiokota. Akakificha chini ya shuka, akakilalia.

Fundi aligundua alipokuwa akimwogesha. Chini ya kiuno, juu ya mfupa, palikuwa na shimo. Kingo zilikuwa nyeusi. Ndani palilowa.

"Panauma?"

"Hapaumi, shangazi. Panadidimia tu."

Hakungoja amkaushe maji. Akakivunja kile kitanda, akakusanya vipande, akaenda kuvibandika kwa gundi mahali pa ile chaga. Alipoinama chini ya godoro, mkono ukamshika. Mkono uliopooza.

"Usiirudishe," mama akanong'ona.

"Mama, anaoza! Mjukuu wako!"

"Yule bado mtoto. Ngozi yake itaota nyingine."

Alisema kwa upole, kama anayeomba maji. Fundi alimtazama mama yake, mama aliyemzaa, na kinyaa kilichompanda safari hii hakikutoka puani. Akajinasua. Akabandika vipande vyote mpaka cha mwisho, akavifunga kwa kamba, akarudishia godoro.

Mama alilala chali. Muda si muda, harufu ikarudi chumbani.

Kidonda cha Kipusa kikajifunga. Likabaki kovu tu, na mtoto akarudi kuruka kamba uani. Fundi akashukuru, akaanza tena kumgeuza mama, kumfuta, kupumua kwa mdomo. Mgongo wote ulikuwa umerudi kuwa kidonda.

Isipokuwa mahali pamoja. Kipande kidogo kati ya mabega, laini, kikavu, chenye afya. Akakigusa, hakuelewa.

Mama akacheka kwa chini, uso umezama kwenye mto. "Chaga haikutimia."

Fundi akasimama na kitambaa mkononi. Akatazama kopo la vumbi kwenye meza yake ya kazi. Lilikuwa limebaki tupu. Nyufa zote alizoziba kwa vumbi lile tangu siku ile, za viti, za makabati, za meza, zilishaondoka na wateja.

Hodi ikabishwa. Mlangoni alisimama mama mmoja, ameshika kitu kidogo kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, akikiweka mbali na mwili wake.

"Samahani, fundi. Hili kabati ulilotuuzia linanuka."

Nyuma yake, mwanawe wa kike alikuwa akijikuna mgongo.