Miguu ya Mkwe

Gari liliserereka, likageuka kama ng'ombe aliyekataa josho, likatumbukia mtaroni. Injini ikazima na kukataa kuwaka.

Mvua ya barafu ilikuwa imeifunika njia yote ya Houston. Kiti cha nyuma alikaa Truphosa, nesi wa mji wa Carrollton, Texas. Mbele, kwenye usukani, alikuwa Elphas, mwalimu wa historia na mume wa bintiye Natalia. Tangu watoke Dallas alikuwa akifanyia mazoezi mhadhara aliokuwa akienda kuutoa: jinsi jeshi la Wajerumani lilivyoiendea Moscow mwaka 1941, likasonga kwenye matope, likasonga kwenye theluji, bila nguo za baridi, kwa kuamini vita vingekwisha mapema.

Truphosa alitaka warudi tangu barafu ya kwanza. Akanyamaza. Kwao Bungoma mama mkwe habishani na mkwewe, wala hampi mkono. Heshima hiyo sasa iliwatokea puani.

Elphas alishuka kusukuma gari, na viatu vyake vya mchongoko. Barafu ya mtaroni ikapasuka, akazama hadi vifundoni. Alirudi meno yakigongana. Simu hazikushika mtandao, na upepo ulivipiga vioo kama unaowadai damu.

"Nitatembea, Mama. Petrol station iko hapo mbele."

"Miguu unaisikia?"

"Iko sawa."

"Nimekuuliza, unaisikia?"

"Ilikuwa inauma. Imeacha."

Unesi ulimfundisha Truphosa: mguu ukiacha kuuma kwenye baridi, unakufa. "Vua viatu!"

"Mbele yako? Mama, huo ni mwiko."

Hasira zikampanda, za baridi, za Texas, za mkwe huyu kichwa ngumu. "Hao Wajerumani wako si walisema hivyo hivyo, Moscow iko hapo mbele? Nenda basi! Ukatwe miguu, binti yangu akusukume kwa wheelchair mpaka azeeke!"

Elphas alifungua mlango. Truphosa akamdaka ukosi, akamvuta hadi kiti cha nyuma. Hakuwahi kumgusa tangu amwoe Natalia.

"Adabu itangoja!"

Alimvua viatu na soksi. Vidole vilikuwa vyeupe, vigumu kama mishumaa. Akavikausha kwa leso, akafungua sweta, akaikumbatia miguu ile tumboni mwake. Elphas alifunika uso kwa aibu.

"Wajerumani walijaza magazeti kwenye buti," alinong'ona baadaye. Akampa karatasi za mhadhara wake. Truphosa akazikunjakunja, akazizungusha kwenye miguu ya mkwewe.

Giza lilikuwa likiingia pikapu yenye minyororo kwenye magurudumu iliposimama. Dereva alikuwa Godefroid, Mkongo wa Irving, kando ya Dallas, akitoka kazini. Alipowasikia wakiongea Kiswahili, akaita:

"Mama, muko bazima? Mukuje mbio, hii baridi itawaua!"

Nyumbani kwake aliwapa beseni la maji ya vuguvugu. Elphas alitumbukiza miguu. Baada ya muda akapiga yowe, machozi yakimbubujika mbele ya mama mkwe wake, akilia kwamba inaungua, inachomwa visu.

Truphosa, bado amemkasirikia, alipiga magoti na kumshika mkono.

"Lia, mwanangu," alisema, naye akilia. "Inauma? Asante Mungu, inauma."