Onyo Lililomezwa na Mabano

Alasiri, simu ya mama ililia mezani. Bintiye, fundi wa kompyuta wa hospitali, alikuwa akimpangia nguo za kesho. Mama alikuwa anakwenda kupasuliwa tumbo.

"Hospitali wameandika," mama alisema, akasoma: "Upasuaji ni kesho saa mbili . Karibu." Akacheka. "Basi nitakunywa chai na mkate kwanza, nipate nguvu."

Binti alishtuka. Mgonjwa wa upasuaji hatakiwi kula. Chakula kinaweza kumpalia akiwa kwenye usingizi wa dawa. Onyo limekwenda wapi?

Alifungua kompyuta. Wauguzi wana mazoea ya kuandika siri zao ndani ya mabano. Wiki ile yeye mwenyewe alikuwa ameandika mstari wa PHP, lugha ya programu, wa kuziondoa kabla ujumbe haujatumwa. Muuguzi alikuwa ameandika hivi:

"Upasuaji ni kesho saa mbili (mpigie bintiye). Usile chochote kuanzia usiku (ni mbishi). Karibu."

"Mimi mbishi?" mama alifoka, akichungulia kioo cha kompyuta.

"Mama, subiri kwanza!"

Alikimbilia kwa jirani, mwalimu wa kompyuta, akamwonyesha mstari wake:

`preg_replace('/\(.*\)/', '', $ujumbe)`

"Ulijaribu na jozi ngapi za mabano?" jirani aliuliza.

"Moja tu."

"Ndiyo maana. Nyota hiyo ni mlafi, dada. Inaanzia bano la kwanza, inameza kila kitu hadi bano la mwisho kabisa. Onyo lilikuwa katikati, likaliwa. Weka alama ya kuuliza baada ya nyota. Itakoma kwenye bano la karibu linalofunga. Na mwanzoni weka `\s*`, ifute ile nafasi inayobaki."

Binti alisahihisha mstari. Aliandika:

`preg_replace('/\s*\(.*?\)/', '', $ujumbe)`

Wakajaribu na jozi mbili, kisha tatu. Ujumbe ulitoka: "Upasuaji ni kesho saa mbili. Usile chochote kuanzia usiku. Karibu."

Lakini wagonjwa wengine wanne walikuwa wamepata ule mbovu. Alituma mpya, kisha akampigia kila mmoja. Watatu walipokea. Mzee mmoja hakupokea kabisa.

Asubuhi binti alisimama mlangoni mwa hospitali. Mzee alifika saa moja na nusu.

"Mzee, umekula?"

"Nile nini, na ujumbe wenu wa pili umenikataza? Nina njaa mpaka naona nyota!"

Binti alilia kwa furaha.

Mchana mama alifungua macho. "Mwambie muuguzi," alinong'ona, "aandike nje ya mabano: mbishi anataka chai."