Winchi Hana Bandama

Siku ya kwanza walikutana kwa ugomvi. Jengo lilikuwa la maduka, ghorofa tano, lifti imekufa tangu mwaka juzi, na ngazi zake nyembamba kiasi kwamba wanene wawili wakipishana lazima mmoja aombe radhi. Saa nne asubuhi, watu wamejaa, wengine wanapanda na wengine wanashuka, mwanamume mmoja alikuwa anateremka na kabati la milango mitatu mgongoni, peke yake, mkanda wa kubebea umembana kwenye paji la uso. Akafika katikati ya ngazi akakwama. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye gauni la rangi ya haradali, tepu ya kupimia shingoni, majora matatu ya kitambaa mikononi.

"Dada, naomba kupita."

"Upite wapi? Nyuma yangu kuna watu ishirini."

"Na nyuma yangu kuna kabati."

"Kabati halina haraka, kaka yangu. Mimi nina bibi harusi juu huko, yuko nusu uchi ananisubiri."

Watu wakacheka, wengine wakasonya. Yule mwanamume akafikiri kidogo, akasema, "Basi weka hayo majora hapa juu ya kabati." Mwanamke akadhani ni utani, lakini akayaweka. Jamaa akaanza kupanda kinyumenyume, hatua moja moja, kabati na majora na vyote, mpaka mlangoni pa duka la mwanamke la kushonea nguo, ghorofa ya nne. Jasho lilimtoka kidogo tu.

"Wewe ni mtu au winchi?" mwanamke aliuliza.

"Nani kakwambia jina langu?"

Kweli ndilo jina walilompa kazini, kwenye kampuni ya kuhamisha vyombo. Friji alibeba peke yake. Piano alibeba na mtu mmoja, tena huyo mtu alikuwa wa kufungua milango tu. Basi tangu siku hiyo mashati ya Winchi yakaanza kuchanika kila wiki, na kila wiki alipanda ngazi kwenda kuyashonesha.

"Shati lililonaswa na msumari nalijua," fundi alimwambia mara ya tatu, akilikagua kwenye mwanga wa dirisha. "Hili limechanwa na mikono miwili, tena kwa makusudi."

"Labda msumari ulikuwa na mikono."

"Mwongo mkubwa. Kaa chini, unywe maji."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hayakufichika. Mwezi wa nne fundi alianza kumshonea koti, kitambaa cha bluu iliyoiva chenye mistari myembamba, la kuvaa siku fundi atakapompeleka mbele ya mjomba wake. Alipompima kiunoni aliona kovu refu upande wa kushoto wa tumbo.

"Hili nalo?"

"Chui."

"Chui wa wapi? Wewe umezaliwa mjini, mama yako mjini, hata paka unamwogopa."

Winchi alicheka. Ukweli alioujua ni mdogo: alianguka kutoka juu ya ukuta akiwa na miaka saba, akapasuliwa, akapona. Nani anakaa kufikiria kovu la utotoni?

Halafu ugonjwa ukaingia. Mnaujua, hakuna nyumba ambayo haukuigusa. Maduka yakafungwa nusu, watu wakafunika nyuso, na kile kikohozi cha wahenga ndicho kikawa kitu cha kwanza watu kukificha. Fundi alihamishia cherehani nyumbani kwake, akaacha magauni, akashona barakoa. Kazi ya Winchi iliongezeka, maana waliokosa kodi walikuwa wanarudi kwa wazazi wao. Kampuni ikataka kila mbebaji alete cheti cha kliniki. Akaenda, akapimwa, akarudi kazini anapiga mluzi.

Siku ya tatu muuguzi akampigia simu.

"Kaka, faili lako la zamani limepatikana. Mbona hukuandika kuwa bandama yako ilitolewa?"

"Iliyotolewa ni nini?"

"Bandama. Ulipopasuliwa. Hukuwahi kuambiwa?"

"Dada, umekosea namba. Mimi nabeba friji."

"Friji na bandama havihusiani. Asiye na bandama mwili wake haujilindi sawasawa. Wewe uko kwenye kundi la hatari kubwa. Kazi uache leo, usitoke nje, usipokee mgeni ndani kwa miezi mitatu. Homa ikikushika, hata iwe ndogo, usingoje kesho. Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Afadhali."

Hilo neno "afadhali" lilimkaa rohoni kuliko mengine yote. Alikaa kitandani akaiangalia mikono yake, mikono ileile ya asubuhi, akampigia mama yake.

"Mama, bandama yangu iko wapi?"

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Marehemu baba yako alisema usiambiwe, mwanangu. Alisema utakua unaogopa kivuli chako. Na kweli hukuogopa kitu. Tulisema tutakwambia ukikua. Ukakua, ukawa mkubwa namna hiyo, nikaona aibu hata kuanza."

Mtu wa kumwambia baada ya mama alikuwa fundi. Na hapo ndipo Winchi alipochemsha. Fundi alimuuguza baba yake miaka minne kabla hajafariki, na jioni moja, akivuta uzi kwa meno, aliwahi kusema, "Sitaki tena maishani kuhesabu vidonge vya mtu." Winchi alilikumbuka hilo neno kwa neno. Yeye alipendwa kwa sababu karibu naye hakuna kilichokuwa kizito, au ndivyo alivyoamini. Sasa aende kumwambia nini? Kwamba winchi lenyewe ni bovu tangu kiwandani?

Akadanganya. Alisema amepelekwa mji mwingine kuhamisha mitambo ya kiwanda, atakaa miezi mitatu.

"Miezi mitatu, bila hata kuniaga?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Ilikuwa ghafla, mpenzi wangu. Gari lilikuwa linangoja."

"Na koti lako? Limebaki mikono tu."

"Litanisubiri."

Alipokuwa anasema hivyo, chini ya chumba chake msumeno wa karakana ya useremala ukanguruma, na mwenye karakana akamfokea mtu kuhusu fremu ya mlango. Fundi alikuwa amewahi kukaa kwenye roshani ya chumba hicho akizisikia kelele zile mara ishirini.

"Huko mbali nako kuna seremala?" aliuliza polepole.

"Maseremala wako kila mahali, fundi wangu."

"Haya."

Mwanamke akisema "haya" namna ile, mwenye akili anaanza kutubu palepale. Winchi hakutubu. Kesho yake simu haikupokewa, wala keshokutwa. Siku ya tatu ujumbe ukaingia: "Nisalimie huyo aliyekufungia ndani. Mwambie akulishe vizuri, unakula sana."

Aliusoma akasimama, akaketi, akasimama tena. Aliandika jibu akalifuta, akaandika lingine akalifuta. Mwishoni aliiweka simu kifudifudi, akajiambia bora aonekane mhuni kuliko aonekane mgonjwa. Mhuni anachukiwa na kusahauliwa, mgonjwa anahurumiwa, na huruma ya yule mwanamke asingeiweza.

Wiki tatu zikapita. Alizunguka chumba, hatua saba kwenda, saba kurudi. Aliinua kitanda asubuhi na jioni ili misuli isilale. Wenzake wa kazini, ambako ilibidi aseme ukweli ili aruhusiwe kukaa nyumbani, walipiga simu mwanzoni kumtania, wakiuliza kama bandama inapatikana spea, kisha wakanyamaza, kila mtu na mambo yake. Kila Jumatano mama alileta chakula, akakiweka ngazini, akarudi nyuma hatua kadhaa, wakazungumza kwa mbali. Jumatano ya tatu mama alikuja amevaa barakoa ya bluu iliyoiva yenye mistari myembamba.

Winchi alishika nguzo ya mlango.

"Mama, hiyo umeitoa wapi?"

"Kliniki. Kuna binti mmoja fundi anagawa bure pale mlangoni. Nikamwambia, mwanangu, hiki si kitambaa cha suti? Kizuri hivi unakikatakata vipande? Akasema kilikuwa koti la mtu, mwenyewe kala kona." Mama akaigusa barakoa. "Anaongea vizuri, lakini macho yamevimba. Mbona umebadilika? Una homa?"

"Sina homa, mama. Mwenye koti ni mimi."

Akamweleza yote, mlangoni hapo, hawezi hata kumsogelea mama yake. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwanamke wa kukemea kwanza na kusikitika baadaye, lakini siku hiyo hakukemea.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Lakini wewe huna kosa peke yako. Kuficha umefundishwa na sisi. Tulikuficha wewe mwenyewe mwili wako, mimi na baba yako, tukidhani tunakulea jasiri. Tulikosea, na nakuomba radhi. Sasa ishie kwetu. Usimfanyie mtoto wa watu hivyohivyo."

Mama alipoondoka Winchi alirekodi sauti. Ya kwanza aliifuta kwa sababu alikuwa anajitetea, ya pili kwa sababu alilia. Ya tatu aliituma hivyohivyo. "Fundi, sikusafiri. Hakuna mwanamke humu. Nina tundu tumboni mahali pa bandama, nimeambiwa juzijuzi tu, na ugonjwa huu ukinipata unaweza kuniua. Niliogopa utanikimbia, nikakimbia mimi kwanza. Nakupenda. Ni hayo tu."

Fundi hakujibu. Alama kwenye simu ilionyesha ameisikiliza. Winchi hakula siku hiyo, yeye asiyewahi kuacha chakula.

Asubuhi yake, saa tatu, alisikia jina lake uani. Akatoka kwenye roshani. Fundi alikuwa amesimama chini, katikati ya mbao za seremala, gauni jeupe lenye vifungo mpaka chini, barakoa usoni, mikono kiunoni.

"Shuka," alisema.

"Siwezi kushuka."

"Najua huwezi. Nilitaka nisikie ukisema."

Seremala akazima msumeno. Wafanyakazi wake wawili wakapata ghafla kazi ya kufagia.

"Ulidhani nitakimbia," fundi aliendelea.

"Ulisema hutaki tena kuhesabu vidonge vya mtu."

"Nilisema. Na sitaki. Kwani kuna mtu anayetaka?" Alivuta pumzi, barakoa ikaingia na kutoka. "Baba yangu alitudanganya mwaka mzima. Vidonda vya tumbo, vidonda vya tumbo. Nilipojua ukweli alikuwa ameshaisha. Kuuguza sikuchoka, Winchi. Kufichwa ndiko kulikonichosha. Halafu na wewe unakuja na mitambo ya kiwanda."

"Nisamehe."

"Nimekata koti lako vipande arobaini na viwili. Kila kipande nilikuwa nakutukana."

"Nastahili."

"Unastahili zaidi, ila kitambaa kiliisha."

Winchi alicheka, na kicheko kikageuka katikati, akafuta macho kwa mkono wa shati. Hakujificha. Fundi aliyaona machozi kutoka kule chini, na sauti yake ikalegea.

"Umekonda, mpenzi wangu."

"Rudi nyumbani, Fundi. Hapo chini watu ni wengi."

"Narudi, najifungia. Wiki mbili, peke yangu, sionani na mtu. Nikiwa mzima nakuja hapa na cherehani yangu, tunafungiana sote mpaka daktari aseme. Barakoa nitashona, watu watazikuta ngazini. Lakini mjomba hatakubali niingie kwako hivihivi. Kwa hiyo utanioa."

"Lini?"

"Wiki mbili, nimeshasema. Au una safari nyingine?"

Winchi alishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia fundi apumzishe akili kwanza, afikirie, asije akafungwa na mzigo usio wake. Seremala akainua kichwa.

"Kubali, ndugu yangu," alisema. "Nina mlango wa watu hapa."

"Nimekubali," Winchi akasema.

Na harusi ikafanyika uani pale Jumamosi moja asubuhi, watu sita wamesimama kila mmoja mbali na mwenzake. Bwana harusi alikuwa juu kwenye roshani amevaa shati lenye kiraka. Mjomba, ambaye hakuwahi kukutana na mkwe wake, aliinua shingo na kuuliza kwa sauti kuu, "Sasa huyu mbona hana bandama lakini ana kifua namna hii?" Mama akaapa mbele ya wote kwamba mwanawe hana kasoro nyingine anayoificha, ila kukoroma. Msajili akasoma maneno yake, wakaitikia, basi.

Maseremala walipandisha cherehani hadi nusu ya ngazi, wakaitua, wakashuka, maana zaidi ya hapo hawakuruhusiwa. Ilikuwa ya zamani, ya chuma, na meza yake. Fundi akajifunga kitambaa kiunoni, akaishika. Winchi akatoka mlangoni mikono mbele.

"Usiguse. Wameishika watu, mpaka niifute kwa sabuni."

"Ni nzito hiyo."

"Ni nzito," fundi alikubali, akaiinua.

Alipanda ngazi moja akapumzika, ya pili akapumzika. Alikuwa anahema, shanga za jasho zimemtoka puani juu ya barakoa. Winchi alisimama akitazama. Tangu awe mtu mzima hakuwahi kusimama akatazama mzigo ukibebwa, na sasa uliobebwa ulikuwa wake, na aliyebeba alikuwa mkewe. Ilimuuma kweli. Ngazi kumi na nne, alizihesabu zote, hakukimbilia ndani wala hakuangalia pembeni.

Fundi aliivusha kizingiti, akaitua katikati ya chumba, akafunga mlango. Akaosha mikono hadi viwiko, akavua barakoa. Zilikuwa wiki tano na siku mbili Winchi hajauona uso ule kwa karibu. Akachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akaanza kufuta cherehani, gurudumu kwanza.

"Sijui mikono hii niiweke wapi," Winchi alisema.

"Ivumilie kidogo, mume wangu," fundi akajibu, anafuta bila haraka. "Nikimaliza hapa nitakuonyesha pa kuiweka."