Dirisha la Mwisho la Mashua

"Inavuja?"

Khaemba alikuwa nje, juu ya ngazi, akimwagia dirisha la mashua maji ya ndoo.

"Haivuji," Jelimo alijibu kutoka ndani.

"Ongea na nguvu, bana! Ama mashua imekumeza?"

"Haivuji!"

Mashua hiyo kuukuu ya tanga iliachwa na mzungu kando ya bwawa, huko Kibomet. Mzee Mathenge aliponunua shamba, aliikuta. Mlinzi wa mashua hiyo alipofariki, Jelimo, binti wa mlinzi huyo, akabaki kuitunza, akilala humohumo, na wa kuzungumza naye ni kuku tu. Mvua ikinyesha alipanga sufuria chini ya madirisha. Vibarua walikuwa wameyaziba kwa lami. Jua likaiyeyusha, maji yakaingia vilevile.

Ndipo akaletwa Khaemba, fundi wa Kanduyi. Alifungua fremu, akakwangua lami yote, akaacha mbao zikauke. Siku zile zilipokuwa zikikauka, walikunywa chai. Khaemba alipiga hadithi, Jelimo akatazama kikombe. Kisha fremu zikarudishwa kwa gundi mpya.

Leo ni kujaribu tu, halafu fundi aende kwao.

"Hii ndiyo ya mwisho! Inavuja?"

Jelimo alipitisha kiganja. Pakavu. Kupitia kioo aliona mkoba wa fundi umeshafungwa.

"Inavuja."

"Ati?"

"Inavuja!"

Khaemba aliingia ameinama, akapapasa mbao.

"Jelimo, si hapa ni pakavu?"

"Najua."

"Sasa?"

"Ukienda nitabaki na kuku."

Khaemba hakucheka. "Siku hizi zote nakuongelesha, unanijibu na kichwa. Nilijua hunitaki."

"Mimi sijui kusema."

"Si umesema."

Mathenge aliita kutoka chini. "Fundi! Bado?"

"Imeisha, mzee! Lakini Jumapili narudi na wazee wa kwetu."

"Wazee wa nini? Kusukuma mashua?"

Khaemba alimtazama Jelimo. Jelimo alitoa kichwa nje.

"Wa kuniposa!"

Kuku wakatawanyika. Mathenge akavua kofia. "Kumbe una sauti, msichana! Basi nitamwita mjomba wako."

Jumamosi mvua kubwa ilinyesha. Hakuna tone lililoingia. Jelimo alikaa peke yake, kimya kikamzidi, maana alizoea mlio wa matone. Halafu akazikusanya zile sufuria, akaanza kuzisugua moja moja. Kesho zingepikiwa chakula cha wageni.