Jina Lisilokoma

Ilianza kwa pumzi. Ijumaa asubuhi, mashine inayotangaza vifo katika redio yetu hapa mjini Ho ilitamka jina la marehemu Ŋutifafa Agbeko, halafu, mahali ilipopaswa kunyamaza, ikavuta pumzi. Mashine haina mapafu. Sisi wa studio tukaangaliana.

Selorm aliyeiunda alicheka tulipomwambia. Ndiyo tabia yake, kumcheka mtu kabla hajajua anaambiwa nini. Alikuja kutoka Accra na shati lililonyooshwa na maneno makubwa makubwa, akamshawishi mwenye redio amwachishe kazi mwanamama aliyekuwa akisoma majina ya marehemu kwa adabu zake zote, ili programu yake ya lugha ya kompyuta iitwayo C ifanye hivyo badala yake. Na kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Jina linawekwa kwanza kwenye ghala pana, ambamo kila herufi ina chumba kikubwa sawa na cha mwenzake, kisha programu inalihamishia kwenye ghala jembamba, ambako sauti inalisoma. Mwisho wa jina hukaa sifuri, inayoiambia sauti: basi, ishia hapa.

Mawunyo, fundi mitambo wetu, alikuwa amemwonya mapema. Alimwambia kwamba herufi zetu za Kiewe kama ŋ na ɖ zikifika kwenye ghala jembamba zinakalia nafasi mbili, na yeye anatenga nafasi kwa kuhesabu herufi tu. Ghala likijaa hadi ukingoni, sifuri itakosa pa kukaa, na C haitamwambia lolote asipouliza. Selorm akamjibu kwamba alikuwa anaandika C wakati Mawunyo hajui hata kuwasha kompyuta. Mtu anaalika wageni, anahesabu vichwa, hatazami nani ni mnene wa kuhitaji viti viwili, halafu anajiita mhandisi. Mhandisi wa nini?

Tangazo liliporudiwa mchana, baada ya pumzi likafuata jina la Kosi, fundi viatu wa sokoni, ambaye alikuwa mzima, anasikiliza redio yake. Selorm akasema hayo ni mabaki tu, kwamba sauti imepitiliza mwisho wa jina na kusoma takataka zilizoachwa jirani. Mawunyo akamuuliza nani aliwahi kuliandika jina la Kosi kwenye mashine ile. Jioni Kosi akafa ameinamia kiatu cha mteja, na studio ikaanza kunuka dawa ya mochwari, harufu kali inayokaa kooni, ingawa madirisha yote yalikuwa wazi.

Mtu mwenye akili angeiacha mashine izimwe. Selorm, Jumamosi, aliiwasha tena, mchana kweupe, ili atuoneshe kuwa sisi ni washamba, na sauti ikamtaja Ŋutifafa, ikavuta pumzi, ikamtaja Kosi, ikashuka chini chini kama mtu anayekuinamia sikioni, harufu ikatupanda puani mpaka macho yakatoka machozi, na wote tukiwa tumesimama hatuthubutu hata kukohoa ikasema polepole, kana kwamba inalionja, Yayra, binti wa Selorm.

Hapo hakucheka. Yayra ni mtoto wake wa pekee, wa miaka sita.

Mwenye redio akamwita Mama Dovi, mganga wa Afa, uaguzi wetu wa Kiewe, bibi mwenye maringo kuliko waziri, aliyedai kiti chenye mto na kinywaji kabla hajaisogelea mashine. Lakini aliposikiliza, maringo yalimwisha.

"Kimeshatoka," akanong'ona. "Kimelishika jina la mtoto. Msipaguse pale kilipopitia, hapo mwisho wa jina. Nakwenda kukoroga maji ya unga, nikiite kirudi ndani. Kikisharudi, fungeni."

Alipotoka tu, Selorm akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Efo Selorm, kaka, msubiri huyo mama," Mawunyo akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukipaziba sasa, utakifungia nje."

"Nje wapi, dada? Ni kosa la nafasi. Nimeshaliona."

"Nilikuonesha mimi."

"Basi sasa nimeliona mimi."

Akalirekebisha, na safari hii kwa ufundi kweli. Akatenga nafasi ya kutosha kwa kila herufi, akakagua jibu la programu, akaweka sifuri kwa mkono wake mwenyewe. Sauti ikatamka Ŋutifafa Agbeko, ikanyamaza kabisa. Harufu ikakatika. Akatugeukia na lile tabasamu lake, akauliza nani sasa anahitaji unga. Mama Dovi alirudi na kibuyu, akaitazama mashine, akamwaga maji kizingitini, akaenda zake.

Mawunyo alimfuata Selorm nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyetusimulia. Mke wa Selorm alikuwa anapakua akple, ule ugali wetu, na mchuzi wa bamia. Selorm akamwinua mtoto juu kwa furaha, akamtania: wewe ni nani?

"Yayra," akasema mtoto, na hakuishia hapo, akaendelea kwa ile sauti ya redio, Yayra binti wa Selorm, na jina la jirani, na la mke wa jirani, na la mchungaji, na majina ya watu asiowahi kuwaona, mama yake akaangusha mwiko, baba yake akamziba mdomo kwa kiganja na majina yakapenya kati ya vidole, akapiga magoti akimsihi, mwanangu tafadhali, nyamaza, huku Mawunyo akirudi kinyumenyume mlangoni asije akalisikia la kwake.

Watu wa mtaa ule sasa wamehama, wasije wakatajwa. Mama Dovi ameitwa mara nyingi na amekataa kuja. Mhandisi wetu haandiki tena programu. Anashinda kando ya kitanda na kikombe cha maji, kwa sababu midomo ya mtoto imepasuka, anamnywesha kidogo kidogo. Mtoto anameza, na majina yanaendelea.